Mbao Walizozikalia

Udongo ulipomfukia Fundi Bomba, wenzake walikuwa wamezikalia mbao ambazo zingemkinga, wanakunywa chai ya mkewe. Haya si mafumbo, ndivyo ilivyokuwa. Mbao zenyewe zililetwa na lori siku kazi ilipoanza, nene, bado zinanuka dawa ya mchwa. Zililetwa zisimamishwe kwenye kuta za mtaro, huku na huku, zikazwe kwa vigogo katikati ili udongo usije ukaporomokea watu. Zikaachwa juani. Baadaye zikageuzwa mabenchi, na aliyezipigilia misumari ni Fundi mwenyewe, kwa amri ya msimamizi wake.

Saa ya chai wote walipanda juu isipokuwa yeye. Alikuwa anaunga bomba, na kiungo ukikiacha nusunusu saruji yake hukauka vibaya, halafu kesho unalaumiwa wewe. Mkewe, ambaye eneo zima la kazi lilimwita Mama Chai, hata wale wasiokunywa chai, alimwekea kikombe chake pembeni, akakifunika kwa kisahani. Akageuka kummiminia mwingine. Ndipo kikasikika kishindo, wala si kikubwa, kama gunia la mahindi limebwagwa kutoka kwenye lori. Watu waliendelea kutafuna kidogo kabla ya kuelewa.

Walipofika ukingoni, upande mmoja wa mtaro haukuwapo. Fundi alionekana kichwa, mabega na mkono mmoja. Udongo ulikuwa umemfika kifuani, na kila alipotoa pumzi ulizidi kumbana. Hakupiga kelele. Angepiga kwa pumzi ipi?

"Rudini nyuma, mtatuangushia na upande wa pili," alisema mchimbaji mmoja wa siku nyingi. "Hakuna kushuka hivihivi. Tafuteni mbao."

Watu wakaangaza macho huku na kule kutafuta mbao. Kisha, mmoja baada ya mwingine, macho yakaenda kwenye mabenchi. Mabenchi yalifumuliwa kwa mateke na sululu, vikombe vikaruka, sufuria ikapinduka na kuzima moto, na Mama Chai alikuwa wa kwanza kubeba ubao begani. Wakazisimamisha, wakazikaza, wakashuka, wakamfukua kwa mikono maana koleo lingemkata.

Na msimamizi? Huyo jina lake la kazini lilikuwa Chapuchapu, kwa kuwa ndilo neno alilowaimbia watu asubuhi mpaka jioni. Alisimama mbali, simu sikioni, na alipoikata swali lake la kwanza lilikuwa hili: "Bomba limepona?"

Fundi alitolewa hai. Kesho yake asubuhi mbao ziling'olewa tena mtaroni, eti zinabana nafasi ya kuteremshia mabomba, zikatupwa pale kwenye mafiga ya Mama Chai pamoja na misumari yake. Watu wakazipanga juu ya mawe. Saa ya chai ilipofika wakazikalia. Nakwambia walizikalia, mikono yao bado ina michubuko ya kumfukua mwenzao.

Mama Chai hakuwapo kuyaona hayo. Alikuwa hospitali.

* * *

Daktari alimweleza kwa lugha nyepesi. Nyonga imevunjika, na mguu wa kushoto umevunjika pale juu. Apasuliwe wiki hii, mifupa ipangwe na kufungwa kwa vyuma. Ikiachwa ijiunge yenyewe itajiunga upande, na hapo kazi ya mtaroni asahau, hata kwenda chooni itakuwa kwa magongo. "Aliumia kazini, kwa hiyo kampuni yake itoe dhamana," alisema. "Wakisema ndiyo tu, sisi tunaanza."

Aliyeletwa na kampuni kusema ndiyo alikuwa kijana wa ofisini, afisa utumishi, mwenye viatu safi ambavyo havijawahi kuufahamu mtaro. Alimpa Mama Chai chupa ya juisi kwa mikono miwili, heshima tupu, kisha akakikalia kiti pekee kilichokuwapo ukumbini. Mama Chai akabaki amesimama na juisi yake.

"Pole sana, mama. Kampuni imeumia mno."

"Nani tena kaumia?" aliuliza Mama Chai. Hakuwa anafanya mzaha; alidhani ukuta umeangukia mtu mwingine.

Afisa akakohoa. "Namaanisha tumesikitika. Sasa, kuna jambo dogo tu. Keshokutwa mkaguzi wa kazi anakuja. Atataka kujua mbao za mtaro zilikuwa wapi."

"Zilikuwa kwangu. Watu walikuwa wamezikalia."

"Sawasawa kabisa. Na zilifikaje kwako?"

"Si Chapuchapu ndiye alinipa."

Afisa alitabasamu, lile tabasamu la kumpa mtoto aliyekosea hesabu. "Msimamizi hakumbuki hivyo, mama."

Hakumbuki. Eneo zima linakumbuka. Siku mabenchi yalipozaliwa, Chapuchapu alikasirika kwamba watu wakichukua chai hutawanyika kutafuta vivuli na mahali pa kuchuchumaa, na kuwakusanya tena ni kazi. Akamwambia Fundi ampigilie mkewe mabenchi hapohapo karibu na mtaro, watu wakae pamoja, wanywe, warudi kazini chapuchapu. Fundi akauliza, "Na mtaro je, bosi?" Akajibiwa kwamba udongo ule ni mgumu kama zege, mbao zitapoteza muda tu. "Kwani wewe ni fundi wa bomba au fundi wa maswali?" Watu wakacheka. Fundi naye akacheka, kwa sababu mtu mwenye watoto hucheka bosi akitania. Na tusidanganyane: Mama Chai alifurahi. Wateja wake walikuwa wanakula wamechuchumaa kama watu wanaojificha. Sasa wakakaa kama watu. Hata alizifuta mbao zile kwa kitambaa kila jioni.

"Utamwambia mkaguzi hivi," afisa aliendelea, sauti laini. "Ulizichukua mwenyewe, mumeo akakusaidia, msimamizi hakujua. Ni maneno tu, hakuna atakayekushitaki. Kampuni kwa ubinadamu wake italipia upasuaji. Na nafasi ya mumeo haitapotea, tutampa mdogo wake. Tumesikia anatafuta kazi."

"Yaani niseme mimi ni mwizi, na mume wangu mwizi mwenzangu."

"Hilo neno umelisema wewe, mama, mimi sijalisema."

"Na nisiposema hivyo?"

"Basi tutasubiri uchunguzi, na uchunguzi una safari ndefu." Akainama kidogo. "Mifupa haingoji. Daktari si amekueleza?"

Akasimama, akajipangusa suruali. Kabla hajaondoka alikumbuka kitu. Lile koti la Fundi lenye mistari ya kung'aa ni mali ya kampuni. Likishafuliwa lirudishwe ofisini. Mama Chai akamwambia wauguzi walilikata kwa mkasi wakati wa kumvua. Afisa akaguna, akasema ataangalia namna ya kulisamehe.

* * *

Nyumbani walikuwa na vyumba viwili na pazia. Mama mkwe, mamake Fundi, alikuwa kitandani kwake upande wa dirishani akichambua maharage kwenye ungo. Mdogo wake Fundi alikuwa sakafuni anavaa mabuti ya kakake. Huyu ni mtu mzima mwenye ndevu za kuchana, ndiyo maana wakamwita Ndevu, na alikuwa amekaa bila kazi hadi akaanza kula kwa kuibia, ile ya kusema nimeshiba kabla sahani haijamfikia.

"Yananitosha," alisema, akikanyagakanyaga.

"Yavue," alisema Mama Chai.

"Shemeji, wameniita. Naanza kesho."

"Wamekuita ukafanye nini?"

"Kumalizia alipoachia kaka. Palepale."

Mama Chai akaketi kwenye ndoo iliyofunikwa. Akawaeleza yote aliyoambiwa na afisa, hakuacha hata habari ya koti. Mama mkwe alimsikiliza mkono ukiendelea kuchambua, akitupa vijiwe pembeni.

"Sema," alisema mama mkwe.

"Mama."

"Sema wamtibu mwanangu. Mimi sokoni nimeitwa mwizi na watu wasionijua, nikarudi nyumbani nikala, nikalala. Jina linafutika. Mtoto akilemaa, je?"

"Mama, nikisema mbao zimeibwa, kesi imekwisha. Mwizi kapatikana, mtaro hauna kosa. Nani atawaambia waziweke tena? Na huyu ndiye anayeshuka." Akamnyooshea Ndevu kidole. "Huyu hapa, na mabuti yake."

"Nitakuwa mwangalifu," alisema Ndevu.

"Kaka yako alikuwa mzembe?"

Ndevu akashusha macho. Hakuwa mjinga. Alizijua habari za mtaro ule kuliko alivyoonyesha, lakini mtu aliyekaa muda mrefu akilishwa na shemeji yake hana ubavu wa kuchagua mtaro. "Shem, tufanye hivi," akasema taratibu. "Kaka apone kwanza. Mimi nikishaona ufa, natoka mbio."

"Utauona ufa ukiwa chini umeinama, udongo uko juu yako?"

Mama mkwe akaweka ungo kando. "Mnataka nichague," alisema. "Mimi sichagui. Mmoja amelala na mwingine anavaa mabuti, na wote nimewazaa mimi. Msimwambie huyo wa hospitali kwamba mdogo wake ameitwa. Akijua atajitupa chini kutoka kitandani." Akavuta pua. "Na maharage haya yana vijiwe, yule mwenye duka atatuua."

* * *

Fundi alikuwa amelazwa chali, mguu umevutwa kwa uzito uliofungwa kamba mwisho wa kitanda. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama mtu anayeogopa kuamsha kitu kilicho mwilini mwake. Mkewe alimlisha uji kwa kijiko, akamwambia habari ya afisa. Habari ya Ndevu akaimeza.

"Misumari niliipiga mimi," alisema Fundi.

"Uliambiwa upige."

"Niliambiwa. Ningeweza kukataa."

"Ungekataa ungekuwa nyumbani siku hiyohiyo, na mwingine angepiga."

"Ndiyo, lakini aliyepiga ni mimi." Akafumba macho. Kumeza uji kulimchosha. "Nilikuwa nimeshauona ule ufa asubuhi, Mama watoto. Ulikuwa mwembamba. Nikajisemea, nikimaliza kiungo hiki nitamwambia. Ukimwambia Chapuchapu kitu kabla hujamaliza, anasema unatafuta kupumzika."

Mama Chai akafuta uji uliomdondokea kidevuni.

"Sema wanavyotaka," alisema Fundi. "Niite mwizi. Mimi nimechoka, nataka kutembea. Kuna mtu kitanda cha pale alikaa mpaka mifupa ikajiunga hovyo, leo anafundishwa kutambaa. Mtu mzima. Jana alijikojolea akisubiri mtu wa kumshika." Machozi yalimtoka yakaingia masikioni, na hakuweza kugeuza kichwa kuyamwaga. "Sema, mke wangu. Nakuomba."

Mkewe akayafuta yale machozi, upande huu, kisha upande ule. "Nitasema," akamwambia.

Na alimaanisha. Nasema hivi ili mtu asije akamvika ushujaa ambao hakuwa nao wakati huo. Alitoka hospitali akiwa amekata shauri la kujiita mwizi, na njia nzima alikuwa anayapanga maneno, nilichukua mwenyewe, msimamizi hakujua, nilichukua mwenyewe.

* * *

Wafanyakazi wa mtaro ule wana jina la shughuli moja ambayo hutaiona kwenye mkataba wowote: wanaiita kuuvisha mtaro. Mgeni mkubwa akitangazwa kuja, mabenchi hufumuliwa asubuhi na mapema, misumari hupigwa nyuma, na mbao husimamishwa mwanzoni mwa mtaro, karibu na ofisi, mahali ambapo kina hakimfiki mtu kiunoni. Mgeni huletwa hapo, huonyeshwa, hutikisa kichwa, hupewa soda. Akishaondoka mtaro unavuliwa na mabenchi yanarudi. Chapuchapu ndiye aliyekuwa akisimamia uvishaji huo, kila mara, kwa mdomo wake. Leo ndiye asiyekumbuka mbao zilifikaje kwa Mama Chai.

Mama Chai alipofika mtaro ulikuwa umekwisha kuvishwa. Mkaguzi, mtu mzima mwenye kofia ya plastiki isiyomkaa, alikuwa amesimama pale kwenye kina kifupi na afisa kulia kwake, Chapuchapu kushoto. Uso wake ulikuwa wa mtu anayetaka kumaliza mapema.

"Mbao zetu ndizo hizi," Chapuchapu alikuwa anaeleza. "Tumezirudisha. Unayaona matundu ya misumari? Hapo ndipo palipoharibiwa."

"Huyu ndiye mama mwenyewe," alisema afisa. "Mama, mweleze tu kama tulivyoongea."

Mkaguzi hata hakuuliza waliongea nini.

Mama Chai akafungua mdomo. "Mbao nilizichukua mimi," alisema.

"Mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Nani alikuruhusu?"

Jibu lilikuwa tayari ulimini. Lakini macho ya Mama Chai yalikuwa yamekwenda mbele, kule ambako mtaro unakata kona na kuingia kwenye kina. Kule hakukuwa na ubao hata mmoja. Tuta la udongo uliochimbuliwa lilikuwa limerundikwa vilevile ukingoni, kwa sababu kuutupa mbali kunachelewesha, na chini yake hakuonekana mtu. Ilionekana ncha ya koleo tu, ikipanda, ikimwaga, ikizama. Ikipanda tena. Mahali palepale.

"Mama," alisema mkaguzi, "nimekuuliza nani alikuruhusu."

"Ngoja kidogo, baba," alisema Mama Chai. Akaanza kwenda.

Walidhani anakwenda kulia pembeni, maana wanawake huachwa waende kulia. Alipofika kwenye ngazi akajikaza nguo yake kiunoni, akageuka kinyumenyume, akashuka. Ndevu alishituka kuona miguu ya shemeji yake ikishuka mbele ya uso wake.

"Shem, unafanya nini huku?"

"Endelea na kazi yako," alisema, na akaegemea ule ukuta wa udongo, mpya, wenye unyevu, mahali ambapo mumewe alikuwa amesimama. Chembechembe zilimwangukia shingoni. Alitamani kupanda kuliko alivyowahi kutamani kitu. Juu kulikuwa na utepe wa anga, na mara kwenye utepe huo vikatokea vichwa.

Cha kwanza kilikuwa cha afisa. Alikuwa amekimbia. Viatu vyake vilisimama mbali na ukingo, yeye ameinama kwa mbele, hataki kukaribia.

"Mama, toka humo," alisema. "Toka upesi. Hapo ni hatari, huo udongo unaweza kuanguka wakati wowote."

Kisha akayasikia mwenyewe maneno aliyoyasema.

Mkaguzi alikuwa nyuma yake na alikuwa amesikia. Wachimbaji wa sehemu ile yote walikuwa wamesikia pia. Makoleo yalisimama.

"Rudia, mwanangu," alisema Mama Chai kutoka chini. "Mimi nimeshuka sasa hivi tu. Huyu yupo humu tangu asubuhi. Hatari ni ya kwangu mimi, au na yeye inamhusu?"

Afisa akatazama viatu vyake.

"Nilisema mbao nilizichukua mwenyewe. Hapo nilidanganya, baba mkaguzi. Nilipewa na msimamizi, nikapokea, nikafurahi. Udongo ukamfukia mume wangu, na mimi ndiye niliyekuwa nayafuta mabenchi. Hilo nitakufa nalo. Lakini wizi siubebi, nikiubeba huyu naye atafukiwa, na wewe utaambiwa ni kwa sababu shemeji yake alikuwa mwizi." Akanyoosha kidole kule mwanzoni mwa mtaro. "Muulize mtu yeyote humu tunaitaje kule ulikosimamishwa. Waulize nini maana ya kuuvisha mtaro."

Mkaguzi aligeuka. Wachimbaji walikuwa wanamtazama kutoka mtaroni, nyuso zimepakwa udongo. Mama Chai kule chini alidhani wamemwacha peke yake. Kila mmoja wao alikuwa na watoto na kila mmoja alijua Chapuchapu anamtazama. Kisha yule mchimbaji wa siku nyingi akasema, bila kupaza sauti, "Maana yake ni mbao za kuonyesha wageni, mzee. Wewe ukiondoka tunazikalia."

"Panda, shem," Ndevu alinong'ona. "Umeshasema. Panda."

"Nitapanda nyuma yako."

Ndevu alimtazama shemeji yake, akautazama ukuta. Akarusha koleo juu, akapanda. Aliyekuwa nyuma yake akapanda, na mwingine, kimyakimya, wakakaa juu ya nyasi na matope yao. Mama Chai akatoka wa mwisho, Ndevu akimvuta mkono.

Mkaguzi alijifuta jasho chini ya ile kofia. Hakuwa na furaha. Angependa siku nyingine kabisa kuliko hiyo. "Kazi isimame," alisema, "mpaka mtaro wote ukingwe kwa mbao."

"Mtaro wote?" Chapuchapu alisema. "Mbao za kukinga mtaro wote tutazitoa wapi? Hazijawahi kununuliwa za kutosha."

Afisa alimgusa kiwiko, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

* * *

Kampuni haikuchelewa. Uchunguzi ulikuwa na safari ndefu, lakini adhabu ilikuwa na mbio: jioni ileile Mama Chai alikuta mafiga yake yametupwa nje ya uzio, na hospitali wamepigiwa simu kwamba dhamana haitatolewa. Fundi alikuwa amehamishwa kutoka kitandani. Alikuwa kwenye godoro ukumbini, karibu na mlango wa choo, ule uzito wa kuvuta mguu umefungwa kwenye dirisha, na kila aliyepita ilimbidi aruke miguu yake.

Alimwona mkewe akija, akajua. "Hukusema."

"Sikusema."

Akageuza uso ukutani, kadiri shingo ilivyomruhusu. Mama Chai aliketi sakafuni. Alikuwa na maelezo mengi ya njiani na yote yakamkauka, kwa sababu mtu huyu alimwomba kitu kimoja tu.

"Hapa watu wananiruka," alisema Fundi. "Tangu mchana wananiruka kama dimbwi. Nilikuomba. Sikukuomba uniletee haki, nilikuomba mguu."

"Mdogo wako alikuwa mtaroni."

Fundi hakugeuka mara moja. "Mdogo wangu gani?"

"Unaye mwingine? Walimpa nafasi yako. Alikuwa kwenye mabuti yako, palepale ulipofukiwa, ukuta mtupu. Mama alitukataza kukwambia. Nilikuwa nimeshaanza kusema kama ulivyotaka, nimesema nusu, nikaona koleo lake. Sikuweza kumaliza."

Muuguzi alipita, akaruka. Kisha kukawa na vurugu mlangoni, sauti ya mlinzi ikisema wageni ni wawiliwawili na hawaingii na matope, na sauti nyingi zikimjibu kwa upole kwamba wameelewa, huku wanaingia. Walikuwa wachimbaji, wote waliokuwa kazini siku ile, na mbele yao Ndevu, mabuti mkononi. Walikuja moja kwa moja kutoka kwenye geti la kampuni, ambako walikuwa wamekaa kudai dhamana ya Fundi tangu kazi isimamishwe, na hakuna mkubwa aliyetoka ndani kuwasikiliza. Kesho wangekaa tena. Walijipanga ukumbini pande mbili za godoro, na wapitaji ikabidi wazunguke.

Fundi aliwatazama uso kwa uso, akamtafuta mdogo wake, akamtazama kuanzia miguuni mpaka kwenye ndevu. Alimshika kifundo cha mguu, maana ndicho alichoweza kukifikia, akakishikilia.

"Nyie nyote mko hapa," alisema. "Mtaroni kabaki nani?"

"Hakuna mtu," alisema Ndevu. "Tumetoka wote. Lakini jioni Chapuchapu kamtuma mtu, anasema tukirudi kesho tukamalizie kiungo chako tu, kile kimoja, bila mbao, ofisi itafikiria tena habari ya hospitali."

Watu wakainamisha vichwa. Habari hiyo ndiyo iliyowaleta, walitaka mwenye mguu aamue, na waliona haya kumwuliza. Safari hii wa kusema hakuwa Mama Chai.

Mlinzi naye, aliyewafuata kuwatoa, akasimama kusikiliza. Jasho lilimtoka Fundi puani kwa maumivu. Vidole vyake bado vilikuwa kwenye mguu wa mdogo wake.

"Nitasubiri," alisema. "Mguu nitausubiri. Msishuke."